Wimbo Hushonwa Kama Mkeka

Shangazi yangu wa Tanga hafumi mkeka mzima kwa mara moja. Kwanza husuka ukili, yaani utepe mrefu wa ukindu, mpana kama vidole vitatu, na kuuviringisha kadiri unavyorefuka. Akimaliza mmoja huuweka kando akaanza mwingine, huu mweupe, ule wa zambarau. Siku kili zikitosha, ndipo huchukua sindano akaziunga ubavu kwa ubavu. Nilipokuwa mdogo niliona huko ni kuzunguka mbuyu. Nikamwuliza kwa nini asiusuke mkeka wote mara moja akapumzika.

"Nikikosea ukili, nafumua ukili," akanijibu. "Nikikosea mkeka, je?"

Wanangu, jibu hilo sikulielewa sawasawa mpaka nilipokuwa mtu mzima, siku nilipojifungia chumbani na kompyuta, gitaa na debe tupu, nikitaka kurekodi wimbo peke yangu.

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walipanda meli kutoka Unguja hadi Bombay, India, kwenda kurekodi santuri. Santuri za enzi hizo zilirekodiwa kwa mkupuo mmoja: mwimbaji, udi na fidla, wote pamoja, tangu mwanzo hadi mwisho. Mmoja akiteleza, kosa lake linakuwa la wote. Huo ulikuwa mkeka uliosukwa mara moja, na ukiusikiliza leo ndipo unajua walikuwa mafundi wa namna gani.

Miaka 20 baadaye, huko Marekani, mpiga gitaa mmoja aitwaye Les Paul alitaka kuwa bendi nzima peke yake. Alirekodi gitaa moja kwenye santuri. Kisha akaicheza santuri hiyo huku akipiga gitaa la pili, na zote mbili zikaingia kwenye santuri mpya. Akaendelea hivyo hivyo. Wimbo wake uitwao "Lover", uliotoka mwaka 1948, una magitaa manane, na yote kayapiga yeye. Lakini alilipa gharama. Kila aliponakili, sauti za mwanzo zilizidi kufifia, na akikosea gitaa la saba, hakuwa na njia ya kuligusa hilo peke yake. Mwaka 1957 kampuni ya Ampex ikampatia mashine ya kanda yenye njia nane zilizolala sambamba, kila moja na sauti yake. Mashine hiyo ikapewa jina la Pweza. Nyinyi watoto wa pwani hamna haja ya kuambiwa kwa nini.

Kila njia kati ya hizo ndiyo tunayoiita traki. Sasa traki ziko ndani ya kompyuta. Programu niliyoanza nayo ni Audacity, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani. Haiuzwi, unaipakua bure. Nilipoifungua nikakutana na vitufe vingi kuliko vifungo vya shati la askari, nikataka kuifunga. Kisha nikaona kuwa vitufe nilivyovihitaji usiku ule ni vitatu tu: kurekodi, kusimamisha na kucheza. Nikarekodi kipande kimoja, na kwenye kioo ukatokea utepe uliolala, wenye michoro kama mawimbi. Nikarekodi cha pili, utepe mwingine ukalala chini ya ule wa kwanza. Nikacheka peke yangu. Kumbe ni kili za shangazi!

Wimbo wenyewe ulikuwa ule ambao shangazi alikuwa akitubembelezea tulipokuwa wachanga. Nilipanga kili nne: gitaa, debe, sauti ya kwanza na sauti ya pili. Nilidhani nitamaliza usiku mmoja.

Usiku wa kwanza nilirekodi gitaa, nikalisikiliza. Gitaa lilikuwapo, ndiyo, lakini nyuma yake feni ilinguruma, friji ilivuma jikoni, bodaboda ilipita, na jogoo wa jirani asiyejua saa aliwika mara mbili. Sauti hizo zilikuwapo siku zote, ila masikio yetu yamezoea kuzipuuza. Kipaza sauti hakijui kupuuza. Ni juya: samaki, majani na malapa yaliyopotea, vyote humo humo. Basi nikazima feni na kuchomoa friji, nikabandika karatasi mlangoni ya kunikumbusha kuirudisha, maana ndani mlikuwa na samaki. Nikatundika mablanketi mawili nyuma yangu. Ukuta mtupu huirudisha sauti kama unavyorudisha mpira, lakini kitambaa kizito huimeza. Jogoo sikuwa na la kumfanya. Nilisubiri alale.

Usiku wa pili nikaimba. Niliimba kwa nguvu, mdomo karibu na kipaza sauti, nikiamini kuwa sauti kubwa ndiyo sauti nzuri. Nilipoisikiliza ilikuwa inakwaruza kama redio yenye spika iliyochanika. Nikavuta michoro karibu nikaona vilele vyote vya mawimbi vimekatwa bapa, kama kwa panga. Haya, tuelewane hapa. Kompyuta hairekodi sauti kama mto unaotiririka, bali huipima. Katika sekunde moja, kwa kipimo cha santuri ndogo za CD, huipima mara 44,100. Kwa nini nyingi hivyo? Sikio zuri la kijana husikia mitetemo hadi kama 20,000 kwa sekunde, na ili mtetemo unaswe sawasawa lazima upimwe zaidi ya mara mbili. Lakini kila kipimo kina dari. Dari hiyo huandikwa sifuri, na namba za chini yake zina alama ya kutoa. Ukiimba kupita dari, kompyuta haina pa kuandika, inakata. Kilichokatwa hakirudi, hata ukipunguza sauti baadaye. Tangu siku hiyo nasogea nyuma shubiri moja, napunguza kipaza sauti, na nahakikisha kelele yangu kubwa kabisa inaishia kati ya desibeli 12 na 6 chini ya sifuri. Ikiwa ndogo, utaipandisha. Iliyopasuka, basi tena.

Usiku wa tatu ilikuwa zamu ya debe. Nikafungulia gitaa kwenye spika ili nipige nalo sambamba. Nilipomaliza, ukili wa debe ulikuwa na debe na gitaa ndani yake, kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa kimesikia spika. Zambarau imevuja kwenye nyeupe. Dawa yake ni hedifoni: wimbo uingie masikioni mwako tu, na chumbani kibaki kile unachokirekodi sasa hivi.

Nikavaa hedifoni, nikarudia. Safari hii debe lilikuwa safi, lakini lilichelewa. Nikajilaumu. Nikarudia mara tano, na mara zote tano lilichelewa kwa kiasi kile kile. Hapo ndipo nilipojinasua, kwa sababu mtu hakosei kwa usawa namna hiyo! Kompyuta huhitaji muda kidogo kuicheza sauti ya zamani na kuipokea mpya. Muda huo unaweza kufika hata sehemu moja ya kumi ya sekunde. Unaona ni kidogo? Sauti hewani hukimbia takriban mita 340 kwa sekunde. Maana yake ni kama mpiga debe wako amesimama mita 34 kutoka kwako, ng'ambo ya uwanja, na nyinyi mnajaribu kwenda pamoja. Nikaiagiza programu initengenezee mdundo wa kuhesabia, tik, tik, tik, nikauchezesha kwenye hedifoni na kuibana hedifoni kwenye kipaza sauti, nikaurekodi upya. Nikaziangalia traki mbili na kupima pengo kati ya tiki ya kwanza na nakala yake. Kwenye mipangilio kuna mahali pa kuandika pengo hilo ili programu iurudishe nyuma kila utepe mpya yenyewe. Nikaandika. Debe likaingia mahali pake kana kwamba halikuwahi kuondoka.

Baada ya wiki nilikuwa na kili nne. Ikaja kazi ya kushona, yaani kuchanganya. Gitaa halikusikika vizuri, nikalipandisha. Sauti ikafunikwa, nikaipandisha. Debe likazama, nalo nikalipandisha. Mwisho vyote vilikuwa juu na hakuna kilichosikika, kama baraza ambalo kila mtu anasema. Nikashusha vyote chini, nikaanza upya na sauti ya kwanza peke yake, kisha nikaingiza wengine mmoja mmoja, kila mmoja akae mahali ambapo hamzibi mwenzake. Gitaa nikalisogeza kidogo sikio la kushoto, sauti ya pili kulia, debe na mwimbaji katikati.

Jambo moja la kuhifadhi. Faili la mradi ni kili zikiwa bado mbalimbali, na unaweza kurudi wakati wowote ukabadilisha. Faili la MP3 unalomtumia rafiki ni mkeka uliokwisha kushonwa. Tuma mkeka, lakini kili usizitupe.

Mimi nilizitunza, na ndizo zilizoniokoa. Nilikwenda Tanga na kompyuta begani, nikamvisha shangazi hedifoni juu ya mtandio wake. Akasikiliza huku mikono ikiendelea kusuka. Nikamwona anatabasamu kwenye ubeti wa kwanza. Kwenye wa pili mikono ikasimama.

"HUYU WA PILI ANAKIMBILIA BASI?" akauliza kwa kelele, kama wote wanaovaa hedifoni kwa mara ya kwanza.

Wimbo ule nilikuwa nimeusikiliza labda mara mia. Nikanyamazisha traki zote ila sauti ya pili, nikaiacha iimbe peke yake. Kweli kabisa: kwenye ubeti wa pili niliwahi kila mstari, kidogo tu, kwa haraka ya kutaka kumaliza.

Shangazi akavua hedifoni. "Si unaweza kufumua?"

"Naweza."

"Basi."

Nikaingia chumbani kwake, nikafunga mlango, nikaimba upya mistari minne. Gitaa, debe na sauti ya kwanza havikuguswa. Nilipotoka, shangazi alikuwa amesharudi kwenye ukindu wake, na ukili ulikuwa umerefuka kwa kiasi cha shubiri.