Mbwa Mzee Aliyeachwa Getini

Mwenye nyumba anapohamishwa kikazi, vitanda hupakiwa, jokofu hupakiwa, kuku huuzwa. Mbwa hubaki getini. Akiwa na bahati, jirani humrushia kipande cha ugali jioni. Akiwa na miaka minane au tisa na mvi zimeanza kutanda mdomoni, wapitao husema kwamba huyu hafai tena hata kulinda, na wenye mawe huyatumia.

Nairobi kuna KSPCA, chama cha siku nyingi kinachopokea wanyama waliotupwa na kuwatafutia makao mapya. Lakini katika wilaya nyingi za Afrika Mashariki hakuna kituo cha namna hiyo, na anayemwokoa mbwa ni jirani tu aliyemhurumia. Huruma hiyo ni njema. Huhitaji maarifa kidogo ili isigeuke msiba.

Aghalabu watu hutaka mtoto wa mbwa, nao humkwepa mzee. Kwa mgonjwa au mtu wa makamo, chaguo hilo si la busara sana. Mtoto wa mbwa huruka, hung'ata viatu, hujipenyeza miguuni na huweza kumwangusha mtu mwenye mifupa dhaifu. Mbwa mzima tabia yake imekwisha kujulikana: kama anapenda watoto, kama hukorofishana na wenzake. Huhitaji matembezi mafupi, na matembezi mafupi ndiyo ambayo wagonjwa wengi wa shinikizo la damu huandikiwa na daktari bila kuyafanya. Mwaka 2013 Chama cha Moyo cha Marekani kilieleza kwamba kufuga mbwa huenda kukahusiana na kupungua kwa hatari ya maradhi ya moyo. Hata hivyo hakikushauri mtu atafute mbwa kwa sababu hiyo pekee, na ni sawa: mbwa si kidonge.

Jambo la kwanza kwa mbwa asiyejulikana alikotoka ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na karibu wote huupata kwa kung'atwa na mbwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, tiba ya kumponya haipo. Kwa hiyo mbwa aliyeokotwa huchanjwa mara moja, awe mzee au kijana, na kadi ya chanjo hutunzwa kama ya mtoto.

Wengi hudhani kwamba sindano ikichomwa hatari imekwisha. Sivyo. Chanjo huhitaji wiki kadhaa kujenga kinga kamili, tena haimsaidii mbwa ambaye virusi vilikwisha kumwingia kabla ya kuchanjwa. Ugonjwa unaweza kujificha mwilini mwake kwa wiki au miezi. Ndiyo maana mbwa mgeni hutengwa na mbwa wengine, hukaa ndani ya uzio, na watoto hawaachwi peke yao naye. Akibadilika ghafla, akakataa maji, akadondosha mate, akapooza taya au akawa mpole kupita kiasi ilhali alikuwa mkali, aitwe daktari wa mifugo; asifunguliwe kinywa kutafutwa mfupa uliokwama.

Mtu aking'atwa, kidonda huoshwa kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Pilipili, mafuta ya taa na majani havifai kitu. Kisha ni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mbwa akiwa hai huangaliwa kwa siku 10. Akibaki mzima, mate yake hayakuwa na virusi siku aliyong'ata. Lakini chanjo ya mtu haisubiri siku hizo. Kwa utaratibu wa kuchoma ndani ya ngozi uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018, mgonjwa hurudi siku ya 3 na ya 7, na mhudumu amweleze wazi kwamba kukosa siku moja si jambo dogo.

Kisiwa cha Pemba kinafundisha hapa. Kampeni za kuchanja mbwa ziliutokomeza ugonjwa huo mwaka 2014. Mwaka 2016 ukarudi, na kampeni zikalazimika kuanza upya. Mbwa mmoja anayesafirishwa bila chanjo anatosha kuharibu kazi ya miaka.

Minyoo hufuata. Mbwa mpya hupewa dawa ya minyoo, na hapewi viungo vibichi vya machinjioni, kwa kuwa ndiko anakopata tegu anayesababisha uvimbe wa maji katika ini la binadamu, ugonjwa unaojulikana sana Turkana. Wenye selimundu, ambao bandama lao huharibika mapema, na waliotolewa bandama, wasiruhusu mbwa kulamba vidonda vyao. Kwao hata mkwaruzo mdogo wa jino ni sababu ya kwenda hospitali.

Mbwa mzee huumwa viungo, meno huoza, macho hufunga ukungu. Hapo mwenye nyumba mwenye huruma hufungua kabati lake la dawa. Asifanye hivyo. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazopatikana kila duka la dawa, huweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Mkeka mnene wa kulalia, uzito usiozidi na dawa ya daktari wa mifugo vinamtosha.

Si kila nyumba inaweza kumpokea. Pwani, kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi, na kumlazimisha mtu amweke mnyama huyo sebuleni ni kumkosea. Lakini bakuli la maji nje ya ukuta, nauli ya kumpeleka kwenye chanjo, au kugharimia kumfunga uzazi havihitaji mbwa avuke kizingiti. Wengine humlea kwa muda tu, miezi miwili au mitatu, hadi apatikane mwenye nafasi. Mwenye kulea hivyo aandike tangu mwanzo ni nani atalipia matibabu, maana ugomvi huanzia hapo.

Swali la mwisho ni la mwenye kumpokea mwenyewe, hasa akiwa mgonjwa anayelazwa mara kwa mara: nani atamlisha nisipokuwepo? Wapo wanaokataa kulazwa kwa sababu ya mnyama aliyefungwa nyumbani, nao huona haya kuitaja sababu hiyo. Muuguzi anayeandika jina la ndugu wa karibu anaweza kuuliza pia kama kuna mbwa nyumbani, na jirani gani ana ufunguo wa geti.