Kupiga Picha Maporomoko Makubwa ya Maji: Ya Kuzingatia Kabla ya Kulipa

Matangazo mengi ya safari za Maporomoko ya Victoria, yaliyo katika mto Zambezi mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, hupambwa kwa picha ya aina moja: pazia jeupe la maji lililotanda, na upinde wa mvua mbele yake. Picha hiyo yaweza kuwa ya kweli, lakini ni ya msimu fulani na ya mahali fulani. Msafiri asiyelijua hilo aweza kurudi nyumbani na picha za mwamba mkavu, au na simu iliyoharibiwa na maji. Hapa tunaeleza namna ya kuepuka hasara hizo mbili.

Ulizia mwezi na upande

Maporomoko haya yana upana wa mita 1,708 na kimo cha mita 108 hivi. Maji hujaa zaidi kati ya Machi na Mei. Wakati huo manyunyu hupaa kama moshi, na ndiyo asili ya jina Mosi-oa-Tunya, yaani moshi ungurumao. Mara nyingi manyunyu hayo huwa mazito kiasi cha kuyaficha maporomoko yenyewe. Oktoba na Novemba mto hupungua sana. Upande wa Zambia sehemu kubwa ya genge hubaki mwamba mtupu, ilhali upande wa Zimbabwe maji huendelea kumwagika. Kwa mpiga picha, miezi ya Juni hadi Agosti hufaa zaidi: maji bado ni mengi na manyunyu yamepungua.

Kila upande una hifadhi yake na kiingilio chake. Kabla ya kulipa, mtake muuzaji wa safari akueleze kwa maandishi mtatembelea upande upi, kwa saa ngapi, na iwapo viingilio vimo katika bei.

Linda kifaa chako

Alama ya IP67 kwenye simu huonyesha kuwa simu ya aina hiyo ilijaribiwa kwa kuzamishwa katika maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30, tena katika maabara. Uwezo huo hupungua kadiri simu inavyozeeka, inapoanguka au inapofunguliwa kwa matengenezo. Isitoshe, dhamana nyingi hazigharimii madhara ya maji. Ndani ya simu nyingi mna kibandiko kinachobadilika rangi kikilowa, na fundi hukitazama kwanza. Kwa hiyo soma dhamana kabla ya safari, kisha beba mfuko wa plastiki usiopitisha maji na kitambaa laini cha kufutia lenzi. Kifaa kikilowa, kizime; usikichaji wala kukifukia ndani ya mchele, kwani vumbi lake laweza kuingia katika matundu.

Kupiga picha yenyewe

Jua likiwa mgongoni mwako, upinde wa mvua huonekana mbele yako. Ukitaka maji yaonekane kama hariri, simamisha kamera kwenye stendi na uache mwanga uingie kwa nusu sekunde au zaidi. Ukitaka kila tone lionekane, tumia sehemu 1 ya 1,000 ya sekunde. Usivuke uzio kwa ajili ya picha, kwa kuwa mawe yaliyolowa huteleza mno. Usirushe droni bila kibali.

Ukiona umedanganywa

Hifadhi tangazo, stakabadhi na mawasiliano yote. Ikiwa uliahidiwa upande mmoja ukapelekwa mwingine, mwandikie muuzaji kwanza, ukitaja unachodai na siku ya mwisho ya kujibu. Asipojibu, tuletee nakala za hati hizo. Ahadi iliyoandikwa hutuwezesha kukutetea. Ya mdomo ni vigumu kuithibitisha.