Kuvumilia kipigo si kubeba msalaba



Mama aliyepigwa na mumewe akikimbilia kwa wazazi, mara nyingi huambiwa: "Vumilia mwanangu, ndoa ndivyo zilivyo." Akienda kwa wasimamizi wake wa ndoa, huonywa asitoe siri za nyumba. Na akija parokiani, wapo watakaomwambia kuwa huo ndio msalaba wake. Leo tulitazame neno hilo la mwisho, maana linasemwa kwa jina la Kristo.

Jambo hili haliko katika nyumba chache. Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya Tanzania wa mwaka 2015–16 ulionyesha kuwa takriban wanawake 4 kati ya 10 waliowahi kuolewa wametendewa na mume au mwenzi ukatili wa kimwili au wa kingono. Utafiti huohuo uliuliza kama mume ana haki ya kumpiga mkewe, kwa mfano akiunguza chakula au akitoka bila kuaga. Asilimia 58 ya wanawake walikubali angalau sababu moja.

Pombe huchochea ukatili huu. Mtoto aliyezoea kumwona baba akimpiga mama anaweza kukua akidhani huo ndio uanaume. Mke asiye na kipato hukosa pa kwenda. Lakini juu ya hayo yote, jamii yetu imekizoea kipigo.

Wengine husoma Waefeso sura ya 5 hadi pale mke anapoambiwa amtii mumewe, kisha hufunga kitabu. Mtume Paulo hakuishia hapo. Alimtaka mume ampende mkewe kama Kristo alivyolipenda Kanisa, akajitoa kwa ajili yake. Kristo aliupokea msalaba kwa hiari ili atuokoe. Kipigo hakimwokoi yeyote: mama anaumia, watoto wanaishi kwa hofu, na baba anazidi kuzama dhambini.

Kanisa halimlazimishi mtu kukaa hatarini. Kanuni ya 1153 ya Sheria za Kanisa inamruhusu mwanandoa aliye katika hatari kubwa ya roho au mwili kutengana na mwenzake kwa idhini ya Askofu. Na kama kuchelewa kuna hatari, aondoke kwa uamuzi wake mwenyewe. Hiyo si talaka, kwani kifungo cha ndoa kinabaki. Nayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo.

Basi, wanajumuiya, mama akija na jicho limevimba, msianze kumuuliza amemkosea nini mumewe. Mpeni mahali salama pa kulala. Msindikizeni hospitali na kwenye Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Kisha wazee wamfuate baba, wamweleze ukweli bila kumbembeleza. Mlango wa kitubio uko wazi kwake pia, ila toba yake ianze kwa kuacha kupiga.