Mguu wa Mwindaji Juu ya Barafu

Nunavut, kaskazini mwa Kanada, mwindaji wa Kiinuiti humvizia sili kwenye tundu ambalo mnyama huyo hupandia kuvuta pumzi. Sili ana matundu kadhaa, na haijulikani atatokea katika lipi wala saa ngapi. Mwindaji huchagua moja, akainama juu yake na chusa mkononi, akangoja, pengine kwa saa nyingi, katika baridi inayoweza kufika nyuzi 30 chini ya sifuri. Hathubutu kupigapiga miguu ili ipate moto. Theluji ikilia chini ya soli, sili anaisikia na kwenda zake.

Mwili ukipoa, mishipa midogo ya damu ya miguuni na mikononi husinyaa ili joto libaki kwenye moyo na ini. Vidole vya miguu, ambavyo havina misuli ya kutosha kujipasha, hutegemea damu hiyo hiyo vinayonyimwa. Ndiyo maana mwenye kifua na kichwa baridi atahangaika bure na soksi: kofia nzuri husaidia vidole vya miguu. Buti lenyewe, kama chupa ya chai, halitengenezi joto, hulitunza tu, na kinacholitunza ni hewa iliyotulia ndani yake. Likibana, hewa hiyo hutoka na damu hupita kwa shida. Soksi ya pili ndani ya buti dogo hudhuru kuliko kusaidia.

Lakini hatari kubwa zaidi huanzia njiani, mguu ungali moto. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa tulivu, na jasho ni maji. Mwishoni mwa 1950, katika Vita vya Korea, kwenye bwawa la Chosin, askari wengi wa Marekani walivaa buti zenye sehemu ya chini ya mpira. Wakipanda vilima, miguu ililowa jasho. Wakitulia usiku, jasho liliganda ndani ya buti. Baridi iliwajeruhi maelfu.

Mafundi wa kike wa Kiinuiti walikuwa wamelitatua fumbo hili zamani. Buti lao, kamik, ni la ngozi ya sili, na ndani huvaliwa soksi ya manyoya ya karibuu, ambayo kila unywele wake umejaa hewa. Mshono wa kuzuia maji hustaajabisha: sindano huingia katikati ya unene wa ngozi bila kutokeza upande wa pili, na uzi wa kano ukilowa hutuna, ukaziba tundu lake wenyewe. Pale kwenye tundu la sili, mwindaji hukanyaga kipande cha manyoya, kinachozuia baridi ya barafu na kufisha sauti ya hatua.

Anayewinda leo anaweza kuiga mengi ya haya: atembee polepole akiwa amefungua koti, avae soksi za sufu badala ya pamba, avae nyingine kavu akifika mahali pa kuvizia, na akanyage kipande cha sponji. Vidole vikigeuka vyeupe, vigumu, visivyo na hisia, visisuguliwe, si kwa mkono wala kwa theluji. Vitumbukizwe kwenye maji ya uvuguvugu ya nyuzi 37 hadi 39, na iwe tu mahali ambapo havitaganda tena, kwani nyama iliyoyeyuka ikaganda mara ya pili huharibika vibaya zaidi.