Sindano ya Wazee na Gharama Zake

Saa moja unusu asubuhi, wakati wafanyakazi wa viwandani wanapomiminika katika barabara ya Baba Dogo na makondakta wa matatu wakigombea abiria, mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye benchi ya maabara, hajaonja hata chai. Hakuwa amefunga. Aliambiwa aje na tumbo tupu kabla ya saa nne, atolewe damu ya kupimwa homoni iitwayo testosteroni.

Mzee huyu ni mwenyeji wa Mombasa. Alikuja Nairobi ujanani kutafuta kazi ya kiwanda, akaipata, akaoa, akazaa, akastaafu, na sasa umri wake umepita miaka 70. Jina lake tutalisitiri, maana jambo lenyewe ni la sitara. Lakini mwenyewe alikubali lielezwe. "Mwanangu," alisema, "liandike. Wazee wengi wanaumia kwa kunyamaza."

Yalimwanza kwa uchovu. Kisha hamu ya unyumba ikapotea, na mapaja yakanywea. Akanunua mizizi ya mukombero kwa mchuuzi wa barabarani, akatafuna mpaka ulimi ukafa ganzi. Alipokwenda pwani likizo akanywa supu ya pweza wiki nzima. Pweza ni chakula kizuri, hatuna ugomvi naye, lakini uchovu alirudi nao Nairobi vilevile. Ndipo rafiki yake mmoja akamnong'oneza habari ya sindano. Akachomwa mbili katika duka moja la dawa, bila kupimwa wala kuulizwa swali. Siku chache za kwanza alijiona kijana. Baadaye akaanguka kama gunia.

Hebu tuieleze homoni yenyewe. Testosteroni hutengenezwa katika korodani, nayo ndiyo inayompa mwanamume sauti nzito, ndevu, misuli, mifupa imara na hamu ya ndoa. Baada ya ujana hupungua kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, na kupungua huko peke yake si ugonjwa. Tamaa ya kuirudisha ni ya zamani. Mwaka 1889 tabibu Brown-Séquard, mzaliwa wa Port Louis katika kisiwa cha Morisi, bahari yetu hii hii ya Hindi, alijidunga akiwa Paris maji ya korodani za mbwa na simbilisi. Alikuwa na miaka 72, akatangaza kuwa amerudi ujanani. Leo inajulikana kuwa maji yale hayakuwa na homoni ya kutosha. Nguvu alizoziona zilikuwa za imani yake. Testosteroni yenyewe ilitengenezwa na wanakemia Butenandt na Ruzicka mwaka 1935, nao wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1939.

Basi dawa ya kweli ipo, na Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha yake ya dawa muhimu, katika sehemu ya zile zinazohitaji uangalizi wa wataalamu. Neno zito hapo ni uangalizi. Daktari aliyempokea mzee wetu alianza kwa swali moja: "Mzee, nani alikupima?" Kisha akampima sukari, akaikuta iko juu. Kisukari na unene hushusha testosteroni, na kisukari peke yake chaweza kuvunja nguvu za kiume hata homoni ikiwa timamu. Daktari akaanza na sukari. Ama homoni, ilibidi miezi kadhaa ipite kwanza, kwa sababu sindano zile mbili zilikuwa zimeulaza usingizi mwili uliokuwa ukijitengenezea wenyewe.

Sheria ya kipimo ni hii: damu itolewe asubuhi, homoni inapokuwa juu, na ipimwe mara mbili kwa siku mbalimbali. Madaktari wengi hukiona kiwango kuwa pungufu kikiwa chini ya nanogramu 300 kwa desilita, tena pamoja na dalili. Namba bila dalili haitoshi. Dalili bila namba pia hazitoshi.

Sasa tuje kwenye mfuko. Ziko sindano za kila wiki mbili hadi nne. Ile ya kila wiki tatu ni sindano 17 kwa mwaka, na kila moja ina nauli yake. Iko nyingine ya kukaa muda mrefu: ya pili huchomwa baada ya wiki sita, kisha kila wiki 10 hadi 14, yaani nne au tano kwa mwaka. Hii bei yake kwa mkupuo ni kubwa zaidi, na huchomwa taratibu sana. Kadhalika iko jeli ya kupaka kila siku.

Lakini dawa si gharama yote. Baada ya miezi mitatu hadi sita, kisha kila mwaka, damu hupimwa tena. Dawa hii huongeza chembe nyekundu, na wingi wake ukipita asilimia 54 husimamishwa, isije damu ikaganda. Tezi dume nayo huchunguzwa, kwani mwenye saratani ya tezi hiyo hapewi dawa hii ovyo. Utafiti mkubwa wa wanaume zaidi ya 5,000 wenye maradhi ya moyo au hatari ya kuyapata, uliochapishwa mwaka 2023, haukuona ongezeko la shambulio la moyo wala kiharusi, ila uliona mapigo ya moyo yasiyo sawa na damu kuganda mapafuni vimezidi kidogo kwa waliotumia.

Mzee ambaye tegemeo lake ni shilingi 2,000 za Inua Jamii kwa mwezi, hesabu hiyo aifanye kabla ya sindano ya kwanza. Bima ya SHA, iliyoshika nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, kwa asiye na mshahara huanzia shilingi 300 kwa mwezi. Aulize mapema ni kipi kinacholipiwa katika dawa na vipimo, asije akaachia njiani. Mwenye kuacha ghafla hurudi kwenye udhaifu, pengine zaidi ya mwanzo, mpaka mwili uamke.

Na wewe bwana uliyeoa mke wa pili, bado kijana, ukitaraji mtoto, sikiliza: dawa hii huzima mbegu za uzazi. Mwambie daktari nia yako.

Nyumba nyingi za Baba Dogo ni chumba kimoja au viwili, na wajukuu hulala ubavuni mwa babu. Jeli isiyokauka humwambukiza mtoto kwa kugusana, na watoto wameonekana wakibaleghe kabla ya wakati. Mikono ioshwe, palipopakwa pafunikwe. Sindano nazo zina mafuta: nyingine ya ufuta, nyingine ya mbarika, nyingine ya karanga. Asiyepatana na karanga aseme.

Mzee aliuliza pia kuhusu Ramadhani. Baraza la Fiqhi la Kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah cha mwaka 1997, liliamua kuwa sindano ya msuli isiyo ya lishe haifunguzi, wala jeli ya ngozi, wala damu inayotolewa kwa kupimwa.

Kipimo chake cha kwanza kilitoka na namba 310. Sukari imeshuka, mkanda wa suruali umeingia tundu mbili, na kila alasiri hutembea hadi Lucky Summer na kurudi. Damu ya pili itatolewa mwezi ujao. Hadi siku hiyo, bibi yake ameyahamisha mahamri juu ya kabati.