"Fundi, nitume kwa namba gani?"

Ni Jumamosi jioni, Donholm. Fundi wa bomba ametoka chini ya sinki, mikono imelowa, spana bado iko sakafuni. Mwenye nyumba ameshika simu tayari. "Fundi, nitume kwa namba gani?" Na fundi, kama wenzake wengi, anajibu bila kufikiria: "Tuma kwa hii yangu tu, madam."

Tukae hapo kidogo. Jibu hilo la sekunde mbili ndilo linaloamua nani atakatwa ada, pesa itakaa wapi, nani anaweza kuirudisha, na kama Jumatatu utakuwa na ya kununua vifaa. Tuseme mapema pia kwamba sisi tunapata riziki kwenye malipo ya simu, kwa hivyo hatuwezi kujifanya hatuna upande. Lakini fundi aliyechagua vibaya hurudi kwa pesa taslimu, na hiyo haitusaidii hata sisi.

Laini yako ya kawaida, na deni linalokungoja ndani

Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, mafundi wengi wamelipwa kwa laini ile ile wanayopigiwa. Kwa kazi ndogo haina shida. Shida huanza pesa ya mteja inapokutana na pesa ya nyumbani.

Chukua mfano huu. Mteja amekubali ubadilishe mabomba ya bafu, anakutumia 9,000 ya vifaa. Wiki iliyopita ulikuwa umechukua Fuliza kidogo kidogo, leo unga, kesho fare, keshokutwa pesa ya shule, ikafika 3,200. Pesa ya mteja inaingia, Fuliza inachukua chake papo hapo, unabaki na 5,800. Duka la vifaa bado linataka 9,000. Fuliza haijakosea, deni ni lako. Ila zile 9,000 hazikuwa zako bado. Sasa unafanya nini? Wengi huchukua malipo ya awali ya mteja wa pili kumaliza kazi ya wa kwanza, halafu ya wa tatu kumaliza ya wa pili, mpaka siku simu inazimwa na jina linaharibika mtaani. Watu husema fundi ni mwongo. Mara nyingine fundi hakudanganya, pesa zilichanganyika tu.

Jambo la pili ni kurudishwa kwa pesa. Mtu akituma kwa laini ya kawaida anaweza kuomba irudishwe akidai alikosea namba. Ikiwa pesa bado imo, inaweza kuzuiliwa huku madai yakiangaliwa. Mteja mbaya anaijua njia hiyo. Wewe ushafunga tangi, umeondoka, uko kwenye matatu.

Mfuko wa pembeni

Kwa fundi anayefanya kazi peke yake, bila duka, tunaona Pochi la Biashara au mfuko wowote wa aina hiyo ndio mahali pa kuanzia. Unajisajili kwa simu yako mwenyewe (ya Safaricom ni *334#), mteja anatuma kwa namba yako ile ile, lakini pesa inaingia upande wa biashara, mbali na salio lako la nyumbani. Tangu mwanzo Pochi imekuja na ahadi kwamba mteja hawezi kurudisha pesa bila wewe kukubali. Kwa welda aliyeshapaka rangi geti, hiyo peke yake inatosha kuhama.

Usisahau tu kwamba ukihamisha pesa kutoka huko kwenda upande wa kawaida, deni la Fuliza linaiona. Kwa hivyo kabla hujachagua mfuko wowote, wa kampuni yoyote, uliza swali hili: naweza kulipa duka la vifaa moja kwa moja kutoka humu? Kama lazima pesa ipitie upande wa kawaida kwanza, umetenganisha nusu tu.

Tatizo lake lingine ni ada. Mteja anakatwa kama anayetuma kwa mtu. Kwa viwango vya M-Pesa vilivyoanza kutumika 2023, kutuma 15,000 ni shilingi 100. Umeshasikia: "Fundi, si nikutumie 14,900, ile ingine ni ya kutuma?" Ukikubali, wewe ndiye umelipa.

Till: nani anabeba ada?

Kwenye Till ya Buy Goods mteja hakatwi kitu. Anayekatwa ni wewe, asilimia 0.55 ya malipo. Kwa ile 15,000 ni shilingi 82.50. Wengine wakisikia hivyo wanakimbia, "kwani nilipie kulipwa?" Sisi tunaona kwa kazi kubwa hesabu inakubali, kwa sababu mvutano wa ada ya kutuma unaisha. Na ukijua unakatwa 82.50, unaiweka ndani ya bei mapema. Mia moja ya mteja huijui mpaka aitaje mlangoni.

Till pia inaonyesha jina la biashara kabla mteja hajakamilisha malipo. Mtu wa Kileleshwa ambaye amekupata kwa kuelekezwa na mlinzi, akiona jina lile lile lililoandikwa kwenye risiti yako, anatulia. Na kama una vijana wawili kwenye kazi tofauti, wote wanataja Till moja, hakuna kijana wa kusema "nilimwambia atume kwangu, nitakupatia jioni".

Mteja wa Airtel naye? Tangu Aprili 2022 anaweza kulipa Till ya M-Pesa akiwa kwenye Airtel Money yake. Mafundi wengine bado wanamwambia akatoe pesa kwa ajenti kwanza. Hakuna haja.

Pengine ada inayouma kuliko zote haiko hapa kabisa, iko kwa ajenti. Kutoa 15,000 kutoka laini ya kawaida ni shilingi 167, zaidi ya kila moja ya ada mbili tulizotaja. Ukilipa duka la vifaa kwa Till yao, wewe kama mteja hukatwi. Fundi anayetoa pesa taslimu ili akanunue koki na mabomba analipa kubeba noti barabarani, na wezi wanajua siku za malipo kwenye mjengo.

Paybill tutaipita haraka. Inafaa aliye na kazi nyingi kwa wakati mmoja, kwa sababu mteja anajaza akaunti na unajua hii ni ya nyumba gani. Benki nyingi zina Paybill yao, unampa mteja namba hiyo pamoja na akaunti yako, pesa inatua benki. Nzuri kwa kuweka akiba, nzito kwa kukimbia dukani saa tisa. Mashine ya kadi achana nayo, isipokuwa wateja wako ni maofisi na wageni wa nyumba za kukodi. Ada yake kwa kawaida ni kubwa kuliko ya Till.

Kazi ikikua

Tangu Agosti 2023, kikomo cha M-Pesa ni 250,000 kwa muamala mmoja, na salio haliwezi kupita 500,000. Welda anayefanya mageti na grili za ghorofa nzima anaweza kugonga hapo. Mpange mteja alipe kwa awamu tangu siku ya kwanza, msije kung'ang'ana na simu siku ya mwisho.

Halafu kuna ile hofu: "Nikichukua Till, KRA watanijia." Sheria inaangalia mapato yako, sio aina ya namba. Anayeingiza kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka yuko kwenye kodi ya mauzo, asilimia 3 tangu Julai 2023, hata akilipwa kwa noti. Milioni 1 kwa mwaka ni kama 83,000 kwa mwezi, na mauzo huhesabiwa kabla ya kutoa gharama. Hapo pesa ya vifaa inaweza kukuvusha mstari ilhali ulichobaki nacho ni kidogo. Ndiyo maana tunapenda mtindo huu: mteja alipe duka la vifaa mwenyewe kwa Till yao, wewe umuandikie pesa ya kazi peke yake. Hata yeye anapenda, hana wasiwasi wa kuongezewa bei ya bomba. Na kama unafanyia makampuni, jiandae kutoa risiti ya eTIMS. Tangu Januari 2024 bila hiyo hawawezi kuhesabu malipo yako kama gharama kwa KRA.

Kabla hujafunga boksi la vifaa

Usiamini meseji uliyoonyeshwa kwenye simu ya mteja. Usiamini hata uliyoingia kwako mpaka uangalie salio, kwa sababu meseji bandia huandikwa vizuri sana siku hizi. Na akipiga mtu wa "nimekutumia kimakosa, nirudishie", angalia salio kwanza. Ikiwa kweli imeingia, mwambie afuate njia ya kampuni yake. Usimtumie kwa mkono wako.

Ukishachagua, fanya jaribio moja. Mwambie rafiki akutumie shilingi 10 kwa namba mpya. Mwangalie simu yake, jina gani limetokea? Salio lako limeongezeka upande gani? Jaribu kulipa kitu kwa hizo 10 bila kuzihamisha. Kila kitu kikikubali, andika namba hiyo kwa rangi ya mafuta kwenye boksi la vifaa, upande ambao mteja anauona ukiwa umeinama chini ya sinki.