Nani Bingwa wa Kula Uniti?

Balbu kongwe kuliko zote zinazowaka duniani iko Livermore, California, ndani ya kituo cha zimamoto. Iliwashwa mwaka 1901. Sifa yake ni umri, si kazi: siku hizi inavuta wati 4 hivi, na mwanga wake hautoshi hata kusomea gazeti. LED ya wati 9 inayouzwa dukani kwa Mangi inatoa mwanga wa balbu ya zamani ya wati 60.

Ndiyo maana hunishangaza baba mwenye nyumba anapofoka kwa sababu ya taa ya korido iliyosahaulika. Mlafi yuko bafuni. Ile hita inayofungwa kwenye bomba la mvua mara nyingi huvuta kilowati 5 au zaidi. Dakika 10 chini yake zinamaliza uniti 0.8, ambazo zingewasha LED hiyo magharibi hadi alfajiri kwa wiki nzima. Maji ni mkaidi: kati ya vimiminika vya nyumbani, hakuna kinachodai joto jingi kama hayo ili kipate moto.

Kwa upotevu, hata hivyo, hita haifui dafu mbele ya mkaa. Katika tanuri la kienyeji la udongo, kilo 100 za kuni hutoa mkaa wa kilo 10 hadi 20 tu. Sehemu kubwa ya nishati imekwenda na moshi, pamoja na methani, kabla gunia halijapakiwa kwenye bodaboda. Kisha mkaa huo unafika Mbagala, unapikiwa maharage asubuhi nzima, na jiko linaongezwa mkaa mara mbili kabla hayajalainika.

Maharage hayohayo, yakilowekwa usiku, huiva ndani ya saa moja kwenye jiko la presha la umeme, na hayamalizi uniti moja. Presha ikishapanda, umeme unajikata wenyewe na joto linabaki ndani. Hata mteja wa LUKU anayelipa zaidi ya shilingi 350 kwa uniti anatoka na nafuu. Kikwazo ni bei ya kununulia: mkaa unauzwa kwa kopo, jiko la presha haliuzwi kwa kopo. Na chapati halipiki.

Kuhama mkaa kuna uzito zaidi pale umeme wenyewe ulipo safi. Kenya inaongoza Afrika kwa umeme wa jotoardhi, na Olkaria ndiyo moyo wake. Ukijumlisha maji, jua na mitambo 365 ya upepo kule Marsabit, takriban sehemu tisa katika kumi za umeme inaozalisha hazichomi mafuta. Tanzania ina Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, megawati 2,115, kubwa kuliko yote nchini. Mtambo wake wa kwanza ulianza kuzalisha mwaka 2024. Johannesburg hesabu ni nyingine, kwani umeme mwingi wa Afrika Kusini unatokana na makaa ya mawe.

Na rahisi kuliko zote? Kifuniko cha sufuria. Kinachofuata ni kapu lililojazwa matambara: maharage yakichemka vizuri, yatie humo na sufuria yake, funika, nenda sokoni. Yataendelea kuiva bila moto.